Istilahi Hupimwa kwa Maelezo: Mfano wa Kaboni Iliyomumunyika Baharini

1.0 Utangulizi

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kutoa kazi zao kwa sura ya orodha: neno la Kiingereza upande mmoja, kisawe chake upande wa pili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni tunda mashuhuri la jitihada hizo, na deni letu kwa waliotutangulia ni kubwa. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba orodha peke yake haithibitishi ubora wa istilahi. Istilahi hupimwa pale inapobebeshwa maelezo kamili ya jambo gumu. Jambo lililochaguliwa hapa ni namna maji ya bahari yanavyosafirisha na kutunza kaboni ogania, yaani kaboni iliyomo katika masalia ya viumbe na katika vitu vinavyotoka miilini mwao, ikiwa imechanganyika kabisa na maji.

Huenda msomaji akauliza bahari inahusu nini Dodoma. Jibu la jiografia ni kwamba maji ya mto Kinyasungwe hushuka kutoka nyanda hizi, yakapita Mkondoa na Wami hadi Bahari ya Hindi. Jibu la kiisimu lina uzito zaidi: kwa mwanafunzi wa bara ambaye hajaiona bahari, neno ndilo mlango wake wa kwanza wa kuingilia katika dhana. Mlango ukiwa mbovu, hana ufuko wa kwenda kujisahihisha.

2.0 Jambo Lenyewe

Karibu na uso wa bahari, kunakofika mwanga wa jua, mimea midogo sana inayoelea hutengeneza kaboni ogania. Sehemu kubwa huliwa na bakteria kwa muda mfupi. Sehemu nyingine hustahimili. Katika Atlantiki ya kaskazini maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, yakichukua kaboni hiyo hadi vilindini. Kutoka huko maji husafiri polepole kuelekea kusini, kisha Bahari ya Hindi na Pasifiki, na kiasi cha kaboni hiyo hupungua kadiri safari inavyoendelea. Jumla yake baharini inakadiriwa kuwa tani bilioni 660 hivi, karibu robo tatu ya kaboni yote iliyomo katika angahewa ya leo. Vipimo vya kaboni nururishi vinaonyesha kwamba ile ya vilindini ina wastani wa umri wa miaka 4000 katika Atlantiki na 6000 katika Pasifiki, ilhali maji ya vilindini huchukua takriban miaka 1000 tu kurudi juu. Kwa hiyo baadhi ya kaboni hiyo huzunguka na maji mara kadhaa kabla ya kuharibiwa.

3.0 Maneno Matatu

Neno la kwanza ni kuyeyuka. Kwa kawaida husemwa kwamba barafu huyeyuka juani na sukari huyeyuka katika chai. Katika kemia hayo ni mambo mawili: barafu hubadili hali kwa joto, sukari hutawanyika ndani ya maji. Mwanafunzi anayesoma “kaboni iliyoyeyuka” ana haki ya kudhani kwamba kuna joto lililoiyeyusha. Kiswahili kina kitenzi kumumunyika, na nomino mmumunyo imekwishatumika katika kemia. Aidha, unyambuaji unatupa tofauti tunayoihitaji: kitu mumunyifu ni kile kinachoweza kumumunyika, na kilichomumunyika ni kile ambacho tayari kimo ndani ya maji.

Neno la pili ni hifadhi. Neno hili huleta picha ya mahali palipotengwa, kama hifadhi ya wanyama, au ya ghala lenye mlango. Kaboni ya vilindini haina mahali pake. Inatunzwa ikiwa safarini, na kinachoitunza ni ustahimilivu wake pamoja na muda. Akiba ni neno bora zaidi, kwa kuwa akiba huongezwa, hupunguzwa, na huweza kuisha.

Neno la tatu ni umri. Kiumbe huhesabu umri tangu kuzaliwa. Umri wa kaboni hii huhesabiwa tangu ilipotoka katika angahewa, tena ni wastani wa vitu vipya na vikongwe vilivyochanganyika. Hapa hatuhitaji neno jipya, bali fasili inayofuatana na neno.

Wapo watakaosema kwamba matumizi yenyewe huchuja maneno. Ni kweli kwa kusi, kaskazi, bamvua na maji mafu, ambayo vizazi vya mabaharia na wavuvi viliyatumia mbele ya mambo yenyewe. Lakini hakuna nahodha aliyeyaona maji yanayotembea kilomita kadhaa chini ya jahazi lake. Neno la kitaalamu lina watumiaji wachache, na mara nyingi kitabu cha kwanza kulitumia ndicho hulikita.

4.0 Hitimisho

Tanzania bado inajadili nafasi ya Kiswahili katika kufundishia sayansi baada ya shule ya msingi. Hofu ya kawaida ni kwamba maneno hayatoshi. Hofu ya makala haya ni nyingine: maneno yanaweza kutosha katika orodha, na bado mwanafunzi akaelewa kisichokuwapo, akajibu mtihani na kufaulu. Inapendekezwa, basi, kwamba kila istilahi mpya ifuatane na aya moja ya Kiswahili inayoitumia kueleza jambo, na aya hiyo isomwe na mtaalamu wa somo pamoja na mwanafunzi asiyelijua. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaoandika tasnifu za istilahi wangeweza kuanza nayo kesho. Istilahi itakayoshindwa katika aya iondolewe katika orodha, hata kama imekwishasanifiwa.