Kiraka ana thamani gani? Hesabu ya mchezaji aliyebadilishwa namba

MKULIMA wa miwa wa Ruhembe, wilayani Kilosa, anaelewa vizuri tofauti iliyopo kati ya kazi na kipimo cha kazi. Anaweza kupalilia, kukata na kupakia kwa jasho lile lile la jirani yake, lakini miwa ikishafika kiwandani hupimwa uzito, kisha hupimwa kiwango cha sukari kilichomo, na malipo hufuata vipimo hivyo. Miwa iliyokatwa ikachelewa njiani hupoteza sukari kabla ya kufika kwenye mzani, na hakuna mzani unaouliza mkulima aliamka saa ngapi.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayotawala mchezo uliowateka vijana wengi wa mijini Afrika Mashariki, na ambao umefika hadi kwenye vibanda umiza vya miji ya miwa na ya barabara kuu: mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Kila msimu zaidi ya watu milioni 10 duniani hujipangia vikosi vya kubuni vya wachezaji 15 kwa bajeti ya pauni milioni 100 za makaratasi, kisha hukusanya pointi kutokana na yale ambayo wachezaji halisi wameyafanya uwanjani. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye hajawahi kupiga danadana tatu anakuwa kocha, mkurugenzi wa usajili na mweka hazina kwa wakati mmoja.

Katika mchezo huo, swali ambalo huwatenganisha wajanja na wengine halihusu mchezaji yupi ni bora. Linahusu mchezaji yupi ameandikishwa katika nafasi isiyo yake.

Sababu ni kanuni yenyewe. Beki akifunga bao hupewa pointi 6, kiungo hupewa 5, mshambuliaji hupewa 4. Timu isiporuhusu bao, beki aliyecheza dakika 60 au zaidi huongezewa pointi 4, kiungo huongezewa 1, na mshambuliaji hapati kitu. Kwa hiyo bao lile lile, lililopigwa na mguu ule ule, lina bei tatu tofauti, na kinachoamua bei ni neno lililoandikwa mbele ya jina la mfungaji kabla ya msimu kuanza.

Tuchukue mfano ambao Watanzania waliushuhudia kwa macho. Agosti 6, 2025, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Taifa Stars ilikuwa ikikaribia kutoka sare na Mauritania katika fainali za CHAN. Dakika ya 89 Shomari Kapombe, beki wa kulia na mzaliwa wa Morogoro, akafunga bao pekee la mchezo. Mashindano yale hayamo katika fantasi ya Waingereza, lakini kwa kanuni zao Kapombe angeondoka na pointi 2 za kucheza, 6 za bao na 4 za lango kutoguswa. Jumla ni 12. Bao lile lingefungwa na kiungo, jumla ingekuwa 8. Lingefungwa na mshambuliaji, ingekuwa 6, nusu kamili ya zile za beki.

Sasa ikumbukwe Kapombe ametoka wapi. Alipotua Simba mwaka 2011 akitokea Polisi Morogoro, alitumiwa beki wa kati, beki wa kulia na kiungo mkabaji, kutegemea pengo lilikuwa wapi siku hiyo. Baadaye akiwa Azam, chini ya Mwingereza Stewart Hall, aliachiwa upande wote wa kulia apande na kushuka, na katika msimu wa 2015/16 akawa anafunga kwa namna ambayo mabeki wa nchi hii hawakuizoea. Kwenye karatasi alibaki beki. Kazi yake ilikuwa nusu ya winga. Mchezaji wa fantasi angemtafuta usiku na mchana mtu wa namna hiyo.

Waingereza walimpata wao msimu wa 2019/20. John Lundstram wa Sheffield United aliandikishwa beki kwa bei ya chini kabisa, pauni milioni 4, ilhali kocha wake alikuwa akimchezesha kiungo. Novemba 2, 2019 alifunga mabao mawili dhidi ya Burnley, timu yake ikashinda 3-0, na siku hiyo peke yake ikampa pointi 21. Watu wasiojua hata mji wa Sheffield uko upande gani wa Uingereza walikuwa na jina lake katika vikosi vyao. Msimu uliofuata waendeshaji wa mchezo wakamwandika kiungo, kama ilivyokuwa kweli tangu mwanzo. Mchezaji hakubadilika hata kidogo, lakini wale waliomkimbilia wakamkimbia.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili, na wengi huikosea. Hudhani kwamba thamani ya mchezaji aliyebadilishwa namba inatokana na kipaji cha kucheza nafasi mbili. Katika fantasi, thamani hiyo inatokana na uchelewaji: kazi imeshabadilika, karatasi bado. Uhai wake ni mfupi kama wa miwa iliyokwisha kukatwa, kwa kuwa siku karatasi inapoifikia kazi, faida inakwisha.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limefanyiwa hesabu kwa ukali kama Marekani, katika mchezo wao wa mpira wa miguu ambao, kwa maajabu ya lugha, huchezwa zaidi kwa mikono. Huko kuna mtu anayeitwa kwotabeki. Ndiye anayekabidhiwa mpira kila shambulizi linapoanza, akaamua amrushie nani au akimbie nao mwenyewe. Ni nafasi ya heshima kuliko zote na yenye mishahara mikubwa kuliko zote. Kijana akishindwa kuimudu katika ligi yao kuu ya NFL, mara nyingi huambiwa achague: ahamie kwa wapokeaji, yaani wale wanaokimbia mbele kuudaka mpira unaorushwa, au arudi nyumbani.

Terrelle Pryor aliambiwa hivyo. Aliingia NFL mwaka 2011 akiwa kwotabeki, akaanza mechi kadhaa akiwa na Oakland mwaka 2013, kisha akazungushwa klabu hadi klabu. Mwaka 2015 akakubali kuwa mpokeaji. Msimu wa 2016, akiwa na Cleveland Browns, timu iliyoshinda mchezo mmoja tu mwaka mzima, alidaka mipira 77 na kupata yadi 1,007. Wacheza fantasi waliomwokota mapema, wakati wengine wakimcheka, walivuna. Mwaka uliofuata alisajiliwa Washington, sifa zikiwa zimeshaenea na watu wakimgombea tangu siku ya kuchagua vikosi. Akamaliza na mipira 20 na yadi 240. Waliomnunua kwa bei ya sifa walilipia mavuno ya mwaka uliopita.

Kisa cha Taysom Hill wa New Orleans kinachekesha zaidi. Novemba 22, 2020, kwotabeki mkuu wa timu hiyo, Drew Brees, alikuwa majeruhi, na Hill akakabidhiwa mpira kuanza dhidi ya Atlanta. Lakini katika fantasi ya kituo cha ESPN alikuwa bado ameandikishwa kama mpokeaji wa aina inayoitwa taiti endi, nafasi ambayo kwa kawaida huzaa pointi chache. Siku hiyo Hill alirusha mpira yadi 233, akakimbia nao mwenyewe hadi kufunga mara mbili, na timu yake ikashinda 24-9. Waliompanga walikuwa na kwotabeki wa pili kwenye kiti cha mpokeaji. Mijadala ya haki na hila ikawaka. Kwa kanuni zilivyokuwa zimeandikwa, hapakuwa na aliyeiba.

Wiki moja baadaye, Novemba 29, 2020, mashabiki waliona upande wa pili wa shilingi. Makwotabeki wote wa Denver Broncos walizuiwa kucheza kwa sababu ya taratibu za kudhibiti ugonjwa wa corona. Klabu ikamwita Kendall Hinton, mpokeaji wa kikosi cha mazoezi, kwa kuwa chuoni aliwahi kuwa kwotabeki. Hakupata hata mazoezi ya maana. Alirusha mipira 9, mmoja tu ukafika kwa mwenzake, miwili ikanaswa na wapinzani, na timu ikafungwa 31-3. Waliomfunga walikuwa New Orleans, wakiongozwa na Taysom Hill yule yule.

Visa hivi viwili vina tofauti ambayo makocha wa kwetu wangefaa kuitazama. Hill alikuwa ameandaliwa kwa miaka kadhaa kufanya kazi zaidi ya moja. Hinton alitumwa kuziba shimo. Katika orodha ya kikosi wote wawili wanaweza kuitwa kwa jina moja.

Kiswahili cha viwanjani kina jina hilo: kiraka. Ni jina la sifa, na bado ni jina la kitu kinachoshonewa palipochanika. Hakuna Mtanzania aliyelibeba kwa muda mrefu kama Erasto Nyoni. Kwa vizazi vya makocha, kuanzia Mbrazili Marcio Maximo, Nyoni alicheza namba mbili, tatu, nne, tano na sita, na hakuonekana kulalamika. Juni 2007 alifunga bao pekee Taifa Stars ilipoishinda Burkina Faso ugenini mjini Ouagadougou. Karibu miaka 12 baadaye, Machi 24, 2019, alifunga kwa penalti katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda, siku ambayo Tanzania ilirejea Fainali za Mataifa ya Afrika baada ya kuzikosa tangu mwaka 1980. Kwa kipimo cha fantasi, akiandikishwa beki, kila moja ya mechi hizo ni pointi 12. Akiandikishwa kiungo, ni 8. Na kwa Nyoni hakuna aliyekuwa na uhakika wa kumwandika nini.

Hapa ndipo hesabu ya soka letu inapogeuka kuwa kinyume cha fantasi. Kwenye fantasi, anayefaidi utata wa namba ni yule anayemmiliki mchezaji. Uwanjani pia ni hivyo hivyo: kocha hupata watu watatu kwa mshahara wa mmoja, na nafasi mbili za usajili huokolewa. Mchezaji mwenyewe hupata sifa, lakini siku ya kuhesabu huwa hana mahali pa kusimama. Tuzo hutolewa kwa kipa bora, beki bora, kiungo bora na mfungaji bora. Wapiga kura wa beki bora humwona ni kiungo, na wa kiungo bora humwona ni beki. Wakala anayemtafutia timu ya nje huulizwa namba yake, kwa kuwa klabu ya nje hununua mtu wa kuziba nafasi moja inayojulikana.

Wapo waliobadilishwa namba wakanufaika. Simon Msuva alianza kutamba Yanga akiwa winga, akaruhusiwa kuingia ndani kutafuta mabao, na msimu wa 2014/15 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Miaka miwili baadaye akaenda kucheza Morocco. Kwa Wamarekani kuna Julian Edelman, kwotabeki wa chuo aliyechaguliwa wa 232 mwaka 2009, akageuzwa mpokeaji, na Februari 2019 akawa mchezaji bora wa fainali ya Super Bowl. Lakini hao walihamishwa mara moja, wakakaa. Hawakurudishwa kila Jumamosi kutegemea nani ameumia.

Kwa mkoa wa Morogoro hili si suala la burudani tu. Mashamba ya miwa ya mkoa huo yalizaa Mtibwa Sugar, bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, timu iliyowapeleka wachezaji wengi Simba na Yanga, Shiza Kichuya akiwa mmojawapo mwaka 2016. Jimbo la Mikumi, ambalo Ruhembe imo ndani yake, lenyewe liliwahi kumbadilisha mtu namba: mwaka 2015 lilimtoa Joseph Haule, Profesa Jay, kwenye jukwaa la muziki na kumpeleka bungeni, akakaa huko hadi 2020. Kwa kijana wa kata ile, mpira ni moja ya njia chache za kuondoka shambani bila kuaga ukoo mzima. Na timu za vijijini hupanga namba kwa uhaba: mrefu anawekwa langoni, mwenye nguvu anarudishwa nyuma, na aliye mtiifu anatumwa kokote.

Waendeshaji wa fantasi ya Uingereza, kwa upande wao, wameanza kurekebisha mzani. Tangu msimu wa 2025/26, beki anayefikisha matendo 10 ya kuzuia katika mchezo mmoja, yaani kupokonya, kunasa, kuondosha na kukinga mipira, hupata pointi 2 za ziada; kwa kiungo na mshambuliaji hesabu ni 12, na kwao mipira waliyoirejesha nayo huhesabiwa. Kazi ya namba sita, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haionekani katika mchezo huo, sasa ina bei.

Kwenye majaribio ya klabu zetu swali la kwanza bado ni lile lile: unacheza namba ngapi? Kijana anayejibu "popote, kocha" hufurahiwa, hupewa fulana, na mara nyingi huketishwa pembeni hadi wale waliotaja namba zao watakapomaliza kujaribiwa.