Nyota Zenye Majina Tuyajuayo



Wapenzi wasomaji, likizo iliyopita Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda Misri kumzuru mwanangu wa kiume anayesoma Cairo. Naye akatuchukua, mimi na mdogo wake wa kike, hadi Iskandaria, kwenye maktaba kuu iliyofunguliwa mwaka 2002 kando ya bahari. Katika uwanja wake limesimama jengo la mviringo, mfano wa mpira mkubwa. Humo mna ukumbi wa nyota, na chini yake makumbusho ya historia ya sayansi.

Kabla sijaendelea, nikiri jambo. Binti yangu alikuwa karibu kuchagua masomo yake shuleni, nami ndiye niliyemhimiza aiache fizikia. Nilimwambia kuwa somo hilo halimfai mtoto wa kike. Hakunijibu, aliinama tu.

Makumbusho hayo yanasimulia zama tatu: za Mafirauni, za Wayunani na za Kiislamu. Karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya kale ya mji huo, alipata habari kwamba adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka, huko Aswan jua huwa utosini na kivuli hutoweka. Iskandaria siku hiyo kivuli kipo. Akaipima pembe yake, akaiona ni sehemu moja katika 50 ya duara. Basi akauzidisha umbali baina ya miji hiyo miwili mara 50, akapata mzingo wa dunia nzima. Kivuli na hesabu, basi!

Tulipofika zama za Kiislamu, mwanangu alitueleza habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyehamia Cairo, aliyebainisha kwamba tunaona kwa nuru inayoingia machoni. Kisha akamgeukia dada yake, akamtajia al-Ijliyya, mwanamke wa karne ya kumi aliyetengeneza ala za kupimia nyota huko Halab, katika utawala wa Sayf al-Dawla. Zamu ya kuinama ikawa yangu.

Ukumbini taa zilizimwa, mbingu ikatufunika. Msimulizi akaitaja Deneb. Binti yangu, ambaye Kiarabu amekisoma madrasani, akaninong'oneza:

"Mama, hiyo ni dhanab! Mkia!"

Ikaja Altair, akasema, "At-tair, arukaye." Aldebaran nayo akaitambua. Kumbe dunia nzima huziita nyota hizo kwa majina waliyoyatumia wanazuoni wetu.

Tulipotoka nilimwambia, "Mwanangu, nilikosea. Lichukue somo lako."

"Ahsante, Mama," akasema, akanishika mkono.

Dada zangu, si kila mmoja wetu atajaaliwa safari ya Misri. Lakini nyakati za sala, upande wa kibla na mwandamo wa mwezi vyote vyahitaji elimu hii, na manahodha wa pwani yetu waliitumia kuvuka bahari. Usiku wa leo wapandisheni watoto darini, muwaonyeshe Kilimia. Na binti akiuliza, tusimnyamazishe. Tukiwa hatuna jibu, tulitafute pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.