Namba ya nani? Watoto wetu na habari za Oktoba 29



Mimi ni muuguzi hapa Birmingham. Jumamosi nisipokuwa na zamu nakaa na vijana wanne wa sekondari, watoto wa Watanzania wenzetu, tunasoma habari na kuzifupisha. Wazazi wao wanataka wafaulu Kiingereza tu. Mimi nataka zaidi ya hapo.

Chukueni mfano huu. Oktoba 31, 2025, siku mbili baada ya uchaguzi, intaneti nyumbani imezimwa, Chadema waliliambia shirika la AFP kwamba waliouawa ni kama 700. Siku hiyo hiyo ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema ina taarifa za kuaminika za vifo visivyopungua 10, Dar es Salaam, Shinyanga na Morogoro. Waziri wa Mambo ya Nje, Mahmoud Thabit Kombo, akaikana hiyo 700. Novemba 11 ofisi ile ile ikazungumzia taarifa za mamia.

Nikawaambia vijana wafupishe. Mmoja kaandika "watu 700 waliuawa". Mwingine, ambaye baba yake ni CCM damu, kaandika "waliokufa ni 10". Wote wamekata maneno yale yale: nani kasema, na "visivyopungua". Na sisi wakubwa wiki ile tuligombana kwenye simu hivyo hivyo, kila mtu na namba yake.

Wodini tukikabidhiana zamu husemi "ana ugonjwa wa moyo" kwa sababu tu mgonjwa kalalamika. Unasema: mgonjwa anasema kifua kinambana, presha niliyopima ni hii, majibu ya damu bado. Anayeingia anajua kipi kimesemwa, kipi kimepimwa, kipi kinasubiriwa. Nikawachorea vijana safu tatu hizo hizo. Ya tatu ikajaa kuliko zote. Binti mmoja akauliza kwa nini. Nikamuuliza na yeye: mtandao umezimwa, nani angeingia mochwari kuhesabu, na angemwambia nani?

Wapo wanaonishauri niwape habari za Uingereza tu, eti za nyumbani zitawachanganya. Sikubali. Hawa wana bibi na mashangazi Mwanza na Ubungo, na habari hizo wanazipata tu, tena zikiwa zimeshakatwakatwa na sisi wazazi.

Mwenye nafasi Jumamosi aje tusaidiane. Aje na Daily News ya serikali na Mwananchi, zote mbili.

Nawasilisha.