Bomba nene, pikapu ileile

Wadau, hivi nani kawadanganya wenye Hilux za zamani kwamba bomba nene la moshi linaongeza nguvu? Kahama, Katoro, Nyarugusu, ugonjwa ni uleule: fundi anakata sailensa, anachomelea bomba la inchi tatu, gari linanguruma kama treni, mwenye gari anachekelea. Kumbe chini ya boneti kuna 2L ileile, dizeli ya lita 2.4 isiyo na tabochaja! Moshi wake unatoka vizuri tu kwenye bomba la inchi mbili, mradi halina kona kali wala mahali palipobonyea. Kelele siyo nguvu jamani.

Kelele naweza kuzisamehe. Kinachonikera ni bomba linapoishia. Wanalikata katikati, chini ya bodi, eti lisigonge mawe. Na pikapu zetu mnazijua: nyuma kuna viroba vya mawe ya dhahabu, juu ya viroba kuna watu. Moshi unapenya kwenye matundu ya bodi hadi puani mwao, mwingine unamfuata dereva. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani. Wa petroli nao una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Mawe? Lipandishe juu ya ekseli kama Toyota walivyolipitisha wenyewe, litokee nyuma ya tairi. Kipande cha bomba na raba za kuning'inizia, basi. Na wewe mwenye gari usimsingizie fundi, uliyelipa ni wewe.