Kabla ya Kununua Nguo za Masika, Fungua Sanduku

Mvua za masika zikikaribia, kila mwenye jamaa hujikuta akijiuliza swali lile lile: watoto watavaa nini? Vinguo vyepesi vya Januari na Februari havifai tena asubuhi ya mvua, viatu vya kitambaa haviliwezi tope la Kano, na siku ya soko nayo inakuita. Leo, kabla hujatia mkono mfukoni, naomba tuzungumze kidogo.

Machi mwaka mmoja nilimtembelea wifi yangu huko Awasi, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kericho. Nilifika saa nne asubuhi nikamkuta mwanawe wa darasa la tano ameketi barazani, begi la vitabu miguuni. Alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa sweta. Nyuma ya nyumba, moshi mzito mweusi ulikuwa ukipanda kutoka shimo la taka. Wifi alikuwa akichoma nguo kuukuu ili apate nafasi sandukuni.

"Wifi, na ile sweta ya kaka yake aliyemaliza shule iko wapi?" nikamuuliza.

"Ilitoboka viwiko. Nikampa baba yao apangusie pikipiki."

Hakuna aliyecheka. Siku hiyo pesa zilizowekwa za mbegu za mahindi zilitolewa zikaenda kununua sweta mpya, na shamba likapandwa likiwa limepungukiwa na pakiti moja ya mbegu. Viwiko viwili tu, msomaji wangu! Fundi wa cherehani pale sokoni angevitia viraka kabla hujamaliza kikombe cha chai. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Simlaumu wifi yangu. Sisi sote tumezoea hivyo kwa sababu nguo zimekuwa rahisi kupatikana. Wazazi wetu hawakuwa hivyo. Walishona nguo ya kwendea kanisani, wakaivaa miaka na mikaka, kisha ikawa ya nyumbani, kisha ya shambani, na mwisho kitambaa cha kupangusia. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Kisumu Cotton Mills, tulichokiita KICOMI, na wakulima wa Nyanza walilima pamba. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ilimiminika nchini, na katika miaka hiyo hiyo KICOMI ikafunga milango.

Sisemi mitumba ni mibaya. Imewavisha wengi na kuwalisha wengi. Serikali iliposimamisha uagizaji wake kati ya Machi na Agosti 2020 kwa sababu ya korona, wauzaji wengi walijua maana ya meza tupu. Hata kwa mazingira, nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine ina nafuu kuliko mpya. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba, tangu shambani hadi dukani, hutumia takriban lita 2,700 za maji. Hiyo ni mitungi 135 ile ya lita 20 unayoijua vizuri kichwani na mkononi.

Kasoro iko katika jinsi tunavyoinunua. Tunakimbilia fagia, yale mabaki ya robota yanayouzwa kwa bei ya kutupa, tunabeba blauzi tano kwa sababu tu ni rahisi, na kabla ya vuli zote ziko shimoni. Nguo nyingi za siku hizi zina poliesta, nayo ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Ni jamaa ya karibu ya ile mifuko iliyopigwa marufuku nchini Agosti 2017. Ukiizika haiozi kama pamba, na ukiichoma, moshi wake mbaya unaingia kifuani mwa mtoto wako.

Isitoshe, majira yanayojaza marobota hayo si majira yetu. Koti zito lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya linafika Awasi kwenye joto la Kano, nawe unalinunua kwa kuwa linapendeza. Lingemfaa zaidi mwendesha bodaboda wa alfajiri, au jamaa yako anayeishi Kericho kwenye baridi ya majani chai.

Basi tufanyeje? Nakuomba ujaribu haya msimu huu.

Kwanza, fungua sanduku kabla ya kwenda sokoni. Toa kila kitu, ukianike juani, kisha ugawe mafungu matatu: za kuvaa, za kutengeneza na za kumpa mtu. Waite watoto wajaribu zao, maana mtoto hukua bila kukutaarifu. Andika kwenye karatasi kinachokosekana kweli, na karatasi hiyo ndiyo uende nayo sokoni. Utashangaa jinsi itakavyokuwa fupi.

Pili, peleka fungu la kutengeneza kwa fundi siku hiyo hiyo, kabla halijarudi chini ya kitanda. Zipu hubadilishwa. Pindo la sketi ya shule huteremshwa mtoto akirefuka, na ndiyo sababu ni busara kumwambia fundi aache pindo refu tangu mwanzo. Kola ya shati iliyochakaa hufumuliwa ikageuzwa, upande mzima ukatazama nje, na shati likaonekana jipya. Suruali nyeusi iliyofifia huchovywa katika rangi ya nguo. Gauni lililobana kifuani lakini zima chini hukatwa likawa sketi. Sweta iliyochakaa kabisa hufumuliwa, na uzi wake ukafumwa kofia ya mtoto mchanga. Kwa kazi hizo umeokoa nguo na umempa fundi wa kijijini riziki.

Tatu, ukinunua, nunua kidogo na kizuri. Nguo moja ya kamera, yaani zile bora zinazochaguliwa robota linapofunguliwa, inaweza kuishi kuliko tano za fagia. Iinue kwenye mwanga uone kama kitambaa kimekonda. Tazama kwapani, vuta mishono, fungua na ufunge zipu. Soma kibandiko cha ndani ujue ni pamba au la. Kibandiko kikiwa kimekatwa, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja mshononi, uushike kwa koleo juu ya beseni la maji na uuguse kwa moto wa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi ukaacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Usiwaachie watoto jaribio hilo.

Nne, fua kwa akili. Nguo za poliesta hutoa nyuzi ndogo mno kila zinapofuliwa, basi zisifuliwe bila sababu. Aidha, usifulie mtoni. Mto Nyando unamwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, na maji ya sabuni ni miongoni mwa uchafu unaolirutubisha gugu-maji ambalo limewasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990. Chota maji, fulia kwenye beseni mbali na ukingo, na umwage ardhini. Anika nguo za rangi kivulini zisipauke.

Tano, hifadhi vizuri zile ambazo msimu wake umepita. Zifue kwanza na zikauke kabisa, kwa sababu unyevu wa masika huleta ukungu. Weka majani makavu ya mwarobaini ndani ya kitambaa kilichofungwa, uyatie sandukuni kufukuza wadudu. Nyumba yako ikiwa katika sehemu za Kano ambazo Nyando huzifurikia, inua sanduku juu ya meza au matofali mapema.

Na fungu la tatu? Usilipeleke shimoni. Mpe jirani mwenye mtoto mdogo kuliko wako, ila umpe nguo iliyofuliwa na yenye vifungo vyake vyote. Kumpa mtu tambara si msaada, ni kumtupia taka zako.

Masika yaliyofuata nilipita tena Awasi. Yule kijana alirudi jioni kutoka shuleni amevaa sweta ile ile iliyowagharimu mbegu. Viwiko vyake vilikuwa na viraka viwili vya kijani kibichi, visivyofanana kabisa na rangi ya sweta. Nikamuuliza kama wenzake humcheka.

"Walinicheka siku mbili, shangazi," akasema. "Halafu wawili nao wakaenda kwa fundi."

Wifi alinionyesha shamba. Mwaka huo mahindi yalikuwa yamepandwa hadi kwenye ua.

Basi mpenzi msomaji, leo ni Jumapili na huenda jua linawaka. Toa sanduku nje. Nakutakia masika mema. Kwaheri hadi Jumapili ijayo.