Jua la Kusini Lina Wenyewe?

Wasee, hizo video za mzee na mkewe, Wajerumani wamestaafu, nimezicheki zote. Baridi ikianza wanawasha gari lao lenye kitanda, jiko mpaka choo. Ufaransa, Uhispania, feri pale Algeciras, wako Moroko. Muhuri tu, siku 90 bila visa, wanaota jua Agadir.

Waote, sina noma. Lakini Gibraltar bahari ni kilomita 14 pale pembamba. Kijana wa Moroko akitaka kuvuka upande ule mwingine analipa yuro 90 za maombi ya visa, na akinyimwa hazirudi. Mimi hapa Nairobi pia, ni hiyo hiyo yuro 90.

Wao wakihama ni "maisha ya uhuru". Sisi ni "tatizo la wahamiaji". Si mrudishe kwanza pesa zetu, ndio mtuonyeshe machweo?