Shukrani ya kweli hurudisha

Jumapili moja mwaka uliopita nilisimama mbele ya waumini wenzangu kutoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu kwa kunijalia hati ya kumiliki kipande cha ardhi ambacho nilikuwa nimekihangaikia kwa miaka mingi. Kanisa likashangilia kwa makofi na vigelegele. Jambo ambalo sikulisema ni kwamba kabla ya hati hiyo kutoka, bahasha yangu ilikuwa imepita chini ya meza katika ofisi moja ya umma. Na kwamba mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyekuwa mbele yangu katika foleni, aliambiwa arudi kesho.

Siyaandiki haya kwa sababu napenda kujianika. Nayaandika kwa kuwa naamini siko peke yangu. Sisi Wakristo wa nchi hii hatuoni haya kuitangaza imani yetu. Jina la Mungu tumelichora kwenye matatu, madukani na hata katika vibanda vya vinyozi. Hatufungui mkutano wala hatuvunji bila sala. Lakini ifikapo Jumatatu, imani hiyo aghalabu huvuliwa kama joho la kwaya, ikatundikwa ukutani hadi Jumapili nyingine.

Injili ya Luka inasimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa. Kati yao ni mmoja tu, tena Msamaria, aliyerudi kushukuru. Injili hiyo hiyo inamtaja Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliyeahidi hadharani kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumlipa mara nne yeyote aliyemdhulumu. Yule alirudi, na huyu akarudisha. Kwa maoni yangu, shukrani iliyokosa mambo hayo mawili ni kelele tu.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienea Uganda na kufika Kabete hapa kwetu mwaka wa 1937. Wafuasi wake walijulikana si kwa nyimbo zao pekee bali pia kwa desturi ya kuungama waziwazi na kurejesha walivyoiba. Nikiwa mtoto, niliwahi kumwona mmoja wao akibisha hodi kwetu jioni akiwa na jembe begani. "Ndugu yangu," akamwambia baba, "jembe hili ni lako. Nililichukua kabla mtoto huyu hajazaliwa." Baba alikuwa amekwisha kulisahau. Mimi sijalisahau hadi leo.

Watu hao walijaribiwa kwa mambo mazito kuliko majembe. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wakakataa vilevile kubeba silaha za serikali ya kikoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Mtu anaweza kubishana na msimamo wao wa kisiasa. Hata hivyo, hawezi kudai kwamba walimtumaini Mungu kwa midomo tu.

Katika siku zetu pia, mifano haikosi. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais William Ruto alitoa katika kanisa moja mtaani Kayole zirudishwe. Wako walioona huo kuwa utovu wa adabu. Mimi niliona kanisa likikumbuka kwamba mkono unaopokea kila kitu hauna budi kufunga mdomo.

Hapo ndipo kwangu tatizo lilipo. Niliitoa bahasha ile kwa sababu sikuamini kwamba Mungu niliyemwomba angenitosha. Kisha nikamshukuru yeye kwa kazi iliyofanywa na hongo! Ikiwa hilo si kumsingizia Mwenyezi Mungu, basi ni nini?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Miezi miwili baadaye nilisimama tena mahali pale pale na kueleza yote. Safari hii hapakuwa na vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando na kunilaumu kwa kuliaibisha kundi. Mama mmoja naye alinishika mkono, asiseme neno, machozi yakimlengalenga. Mzee wa mkongojo nilimtafuta nisimpate. Zamu yake sina namna ya kumrudishia. Niliweza kuurudisha ukweli tu.

Sasa ninayo shughuli nyingine katika ofisi ile ile. Nimekwisha kuambiwa mara tatu kwamba faili langu halionekani, na naijua vyema dawa ya kulifanya lionekane. Ningali nasubiri. Huenda nikapata hasara, na siwezi kumwahidi msomaji kwamba Mungu atanifungulia mlango huo kabla ya mwisho wa mwaka. Ila najua kwamba siku nitakapoitwa dirishani nitakuwa nimefika kwa zamu yangu, na kwamba shukrani nitakayoipeleka kanisani nitaweza kuisema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka neno.